Ukuta wa Armand

"Umeniziba, Armand! Mlango wangu mwenyewe, kwenye kiwanja changu mwenyewe, mchana kweupe!"

"Mchana mweupe kweli," Armand Goulette akajibu kutoka juu ya lori lake, dirisha nusu wazi, ndevu zake zimeganda barafu. "Mweupe mpaka sioni pua yangu. Ndiyo maana nimekuziba."

"Iondoe hiyo theluji."

"Siondoi."

"Armand, iondoe kabla sijapanda humo nikakushusha kwa masikio!"

"Panda. Humu kuna joto."

Lempi Hietala alikuwa amesimama na theluji magotini, beleshi mkononi, kofia ya mumewe imemwangukia hadi kwenye nyusi. Mbele yake, pale palipokuwa na mlango wa banda dakika chache tu zilizopita, palikuwa na ukuta. Jirani yake alikuja na lori la kukwangulia barabara, akaingia kiwanjani bila hodi, akainamisha lile jembe la chuma, akaisukuma theluji ya barabara nzima hadi bandani kwake. Kisha akarudi nyuma akasukuma tena, kana kwamba mara ya kwanza haikutosha. Ndani ya banda mlikuwa na pikipiki ya theluji. Lempi alikuwa na ufunguo wake mfukoni, na kwa pikipiki hiyo alitaka kwenda kumtafuta Reino.

Reino ni mumewe. Aliondoka asubuhi, baada ya kahawa, akiwa kwenye pikipiki yao ya pili, kwenda kambini kukwangua paa. Huku kwetu, upande huu wa Ziwa Superior, kila mwenye kambi anaijua safari hiyo. Unakuwa na kibanda chako cha mbao msituni, cha kuvulia samaki kiangazi na kuwindia kulungu wakati wa majani kuanguka. Basi katikati ya baridi inabidi uende ukapande juu yake uipunguze theluji, la sivyo ukirudi mwezi wa nne utakuta umemiliki rundo la kuni. Wanaume huiona safari hiyo kama pikiniki. Hubeba soseji, hubeba bia, hurudi na mashavu mekundu wakisema wamechoka.

Reino alisema angerudi kula mchana. Mchana ulikuja, upepo ukageuka ukaanza kutokea ziwani, na ziwa likamwagika lote juu ya nchi likiwa theluji. Simu kule kambini haishiki. Sasa ilikuwa alasiri, na Reino hajarudi.

"Nisikilize," Armand alisema, safari hii bila mzaha. "Nikikuacha utoke, kesho nitatafuta watu wawili badala ya mmoja. Nami nina mgongo mmoja, na huo wenyewe mbovu."

"Basi nenda wewe! Si una lori? Si ndiyo kazi yako?"

"Redio imetuita wote turudi. Hakuna gari la barabara linalotoka mpaka upepo utulie. Nimetoka kuja hapa tu, na kuja hapa tu nimegonga sanduku la posta la mchungaji."

"Sema unaogopa."

"Naogopa," Armand alisema. "Wewe huogopi?"

Lempi akatafuta tusi. Alimwita mwoga. Alimwita mbwa wa Kifaransa anayelala jikoni. Alimkumbusha maua yake ya waridi aliyoyafukia mwaka ule, na uzio alioukunja, na jinsi babake Armand alivyokuwa akiiba kuni, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua lakini hakuna aliyewahi kumwambia usoni. Theluji ilikuwa ikimwingia mdomoni kwa kila neno. Armand alisikiliza yote, kama mtu anayesubiri treni ipite, kisha akafunga dirisha, akaondoka nyumanyuma, lori likilia kengele yake ya kurudi nyuma.

Kutoka dirisha la jirani, Verna, mke wa Armand, alikuwa amevuta pazia anatazama. Aliufungua mlango kidogo, akatoa kichwa chenye vibiringo vya nywele.

"Lempi! Njoo kwetu, kipenzi! Kuna kahawa!"

"Mumeo ananifungia mlango, wewe unanipa kahawa!"

"Basi nikupe nini?"

Lempi akaanza kuchimba.

Theluji iliyosukumwa na lori si ile laini inayoanguka. Imekandamizwa, ina vipande vya barafu na changarawe, na beleshi likiingia linagoma kutoka. Alichimba kwa hasira kwanza. Hasira ni kuni nzuri, inapasha mwili. Lakini ilipoanza kumwishia, kile kilichokuwa chini yake kikachomoza, nacho kilikuwa baridi kuliko upepo. Akaanza kumwona Reino. Akamwona juu ya paa, kwa sababu Reino si mtu wa kuacha kazi katikati. Atasema kidogo tu, kona hii tu, huku mbingu inamfungia. Akaliona paa likilia chini ya buti zake. Akamwona akiteleza. Akamwona amelala kifudifudi na theluji ikimjaza taratibu mgongoni, kwanza kama unga juu ya mkate, halafu kama shuka, halafu hakuna mtu tena, ni kilima kidogo tu kama vilima vingine.

"Acha," alijiambia kwa sauti. Hakuacha.

Kila alipotupa beleshi moja kushoto, upepo ulimrudishia nusu. Mwanga ukaanza kufifia. Huku jua la mwezi wa kwanza haliagi, linaondoka tu. Mikono ikafa ganzi. Mwishowe alipata ufa wa kutosha mlango kufunguka, akaivuta pikipiki nje kwa makalio na kwa laana, akawasha. Ilikohoa, ikashika. Taa ya mbele ikatoa mwanga mfupi kama mkono wa mtoto.

Akaondoka.

Njia ya kambini inaanzia nyuma ya nyumba yake, inakata shamba la Goulette, inaingia msituni. Lempi ameipita tangu alipokuwa bibi harusi. Angeweza kuipita amefumba macho, ndivyo alivyokuwa akijisifu kanisani wakati wa kahawa. Sasa macho yalikuwa wazi na hayakuwa na kazi. Mbele nyeupe, juu nyeupe, chini nyeupe. Hakujua kama anapanda au anashuka. Alihisi anakwenda, kisha akaangalia na kuona kumbe amesimama. Akahisi amesimama, kumbe pikipiki inateleza pembeni. Akageuka kuangalia nyumba yake. Hakuna nyumba. Akainama kuangalia alama za pikipiki aweze kuzifuata kurudi. Upepo ulikuwa umeshazifuta.

Injini ikazima.

Hapo ndipo Lempi Hietala alipojua hofu ni nini. Ile ya mchana ilikuwa wasiwasi tu uliovaa koti. Alifungua mdomo amwite Reino, upepo ukaingia ndani ya mdomo ukauziba. Alipiga hatua moja kutoka kwenye pikipiki, akazama hadi kiunoni, akageuka kuishika pikipiki tena na kwa muda, Mungu wangu, mkono wake haukuigusa. Ilikuwa pale pale. Alikuwa akipapasa upande usiofaa.

"Sasa tutakufa wawili," alisema. Ndipo maneno ya Armand yakamrudia, akamchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli.

Kisha akasikia.

Ngo!

Alidhani ni masikio yake.

Ngo! Ngo!

Chuma juu ya chuma. Kikatulia, kikarudi tena. Hakikutoka upande ambao alidhani kuna nyumba. Kilitoka nyuma ya bega lake la kushoto, mahali ambapo angeapa kuna msitu. Mwili wote ulimwambia kwamba huko siko. Alisimama pale akivutana na mwili wake. Ngo! Mtu anayepiga hajui kama anasikika. Anapiga tu, kwa mwendo uleule, hana haraka wala hachoki. Lempi akaiacha pikipiki, akaanza kutambaa kuelekea kwenye sauti, kinyume na kila kitu alichokiamini.

Alimkuta Armand amesimama mbele ya lori lake, kichwa wazi, nyundo kubwa mkononi, anapiga lile jembe. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe. Alimwona, akapiga mara moja zaidi, kana kwamba bado haamini, kisha akaiangusha nyundo.

Lempi alingoja kukaripiwa. Angefurahi akikaripiwa.

"Nimeiona taa yako ikitoka, halafu nikaipoteza," Armand alisema. Akamshika mkono. "Ingia ndani, Lempi. Tafadhali."

*

Verna ndiye aliyehamia kwa Lempi, si Lempi kwa Verna, kwa sababu Lempi alisema Reino akirudi lazima akute taa inawaka. Basi Verna akaja na vibiringo vyake, blanketi, na sufuria ya supu ya njegere ambayo hakuna aliyeigusa. Umeme ukakatika. Wakakaa jikoni karibu na jiko la kuni, na nyumba ikaanza kuzungumza. Kila mtu wa huku anaijua sauti hiyo: paa likizidiwa, boriti hutoa mlio, tak, kama mtu anayeliza vidole. Usiku mwingine hata husikii. Usiku ule kila tak ilikuwa paa la kambini.

"Ataganda," Lempi alisema.

"Ana koti zuri."

"Paa litamwangukia."

"Huenda limeanguka akiwa chooni."

Lempi alicheka bila kutaka, kisha akaanza kulia, na ilikuwa vigumu kujua kimoja kiliishia wapi. Verna hakumwambia anyamaze. Alitoa tasbihi mfukoni mwa gauni lake la kulalia.

"Hizo shanga zenu za Kikatoliki," Lempi alisema akijipangusa pua, "zinawafanyia kazi Walutheri?"

"Sijawahi kuuliza. Shika upande huu."

Lempi akashika. Alikuwa mtu wa kanisa, usidhani hakuwa. Hakuna msiba uliopita mtaani bila mkate wake wa iliki. Lakini kumwomba Mungu kitu, yeye mwenyewe, uso kwa uso, hilo alikuwa amewaachia wenye shida. Yeye alikuwa na mikono. Maisha yake yote, kikiharibika alikitengeneza, kikiziba alikichimba. Sasa mikono ile ilikuwa mezani, imevimba, imechubuka, na hakukuwa na kitu chochote duniani inachoweza kufanya.

"Sijui niseme nini," alinong'ona.

"Mimi nasema maneno yaleyale, tena na tena," Verna alisema. "Sidhani hata kama nayasikia. Yananiweka tu kwenye kiti."

Basi Lempi akasema la kwake, kimoyomoyo, tena kwa ukali kidogo, kama anavyozungumza na mtu wa duka. *Sikusumbui mara kwa mara. Mimi siwezi kufika aliko. Wewe unaweza. Mshike mpaka asubuhi. Asubuhi nitakuja kumchukua mwenyewe.* Akangoja faraja. Haikuja. Hofu ilibaki palepale, nzima, na meno yake yote. Ila alikaa nayo. Kila miguu ilipotaka kumwinua aende mlangoni, alivuta shanga moja, na miguu ikatulia, mpaka shanga inayofuata. Akasema maneno yale tena. Na tena.

Upepo ulitulia kukipambazuka, ghafla, kama redio iliyozimwa. Ukimya ule ulimtisha kuliko kelele. Halafu honi ya lori ikalia uani.

*

"Huwezi kwenda haraka kidogo?"

"Naweza," Armand alisema. "Kisha tutalala mtaroni, tumtazame Reino akipita."

Alikuwa amepata ruhusa redioni, au alisema amepata, Lempi hakuuliza. Lori liliinamisha jembe, likasukuma, likarudi nyuma, likasukuma. Theluji ilikuwa imepita madirisha ya gari. Kila waliposonga urefu wa nyumba moja, Armand alisimama, akafungua mlango, akaangalia nguzo za pembeni ya barabara, akarudi. Jana Lempi angemng'oa kutoka kwenye usukani. Leo alikaa, mikono katikati ya magoti, akisema maneno yake. Mara moja tu alipiga kelele, "Basi, pita tu!" na Armand akashuka kuangalia, na kumbe mbele yao palikuwa pamelala mti chini ya theluji, mnene kama ng'ombe. Akaukata kwa msumeno wa injini. Lempi alivuta magogo kando.

Barabara ilipoishia walivaa viatu vya theluji, wakaingia msituni kwa miguu. Misonobari ilikuwa imeinama kama watu waliobeba magunia. Walipanda kile kilima cha mwisho, ambacho ukifika juu yake unaliona paa la kambi chini karibu na ziwa.

Hapakuwa na paa.

Palikuwa na bonde jeupe, na ncha ya boriti moja imetokeza.

Lempi hakupiga yowe. Alishuka kilima, akianguka, akiinuka, akafika, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Armand alikuja nyuma yake na beleshi. Mbao zilitokea. Kipande cha bati. Pazia alilolishona yeye mwenyewe, la vikaragosi vya bata. Alilivuta pazia lile na lilikuwa gumu kama kadibodi, na nyuma yake hakukuwa na kitu ila theluji zaidi, na alijua, kwa uhakika wote wa mwili wake, kwamba kinachofuata ni mkono.

"Reino," alisema chini kwa chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Reino. Reino."

"Mbona mnachimba huko?"

Lempi akaganda. Armand akaganda na beleshi hewani.

"Huko hakuna mtu," sauti ilisema, imekwaruza, inatoka kama chini ya ardhi. "Kuna redio tu, nayo imeshavunjika. Njooni huku. Na mje na hilo beleshi, mlango haufunguki!"

Walitazama upande wa ziwa. Pale penye miti ya mbetula palikuwa na nundu moja ya theluji, na juu ya nundu hiyo bomba la chuma, na kwenye bomba uzi mwembamba wa moshi uliokuwa ukilala chini chini kuelekea ziwani, upande ambao wao hawakuwa wameutazama hata mara moja. Sauna, ya kuogea mvuke. Kibanda kidogo, paa la mwinuko mkali lisiloshika theluji, jiko, na kuni zilizopangwa hadi darini. Armand akaanza kusema maneno ya Kifaransa ambayo Verna asingeyapenda.

Mlango ulipofunguka joto liliwapiga usoni. Reino Hietala alikuwa amekaa kwenye benchi la chini, amevaa suruali ya ndani na kofia ya Armand aliyoiazima mwaka juzi, mguu mmoja umefungwa taulo na vijiti viwili vya kuni. Uso ulikuwa mweusi kwa masizi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na rangi ambayo Lempi hakuipenda.

Lempi hakumkumbatia mara moja. Alimgusa goti, kisha bega, kisha sikio, kama anayekagua mzigo uliosafiri mbali. Kisha akampiga kofi mkononi, akaweka kichwa chake shingoni mwake.

"Lilianguka nami," Reino alisema hatimaye. "Nilikuwa juu. Lilishuka kama lifti. Pikipiki iko huko chini. Nilitambaa mpaka hapa."

"Paa la boriti zile?" Armand alikuwa bado amesimama mlangoni, nje, theluji ikimdondoka mabegani. "Boriti zile nilizipandisha na wewe. Zingebeba lori langu. Lilianguka vipi?"

Reino akaangalia mawe ya jiko.

"Reino."

"Nilitaka kuwahi upepo."

"Reino, ulianza upande gani?"

"Upande wa ziwa."

"Na upande wa pili?"

"Ningeufikia."

"Uliukwangua upande mmoja wote?" Sauti ya Armand ilipanda. "Upande mmoja mtupu, na wa pili na mzigo wake wote? Mtu mzima! Mzaliwa wa hapa! Hata watalii wa Chicago wanajua unabadilisha, huku kidogo, kule kidogo!"

"Usimwambie mtu."

"Nitamwambia kila mtu! Nitaweka tangazo kanisani kwenu na kwetu!"

"Lempi, mwambie asiseme."

Lakini Lempi alikuwa anacheka, na mikono yake haikuacha kushika bega la mumewe. Hofu ilikuwa haijatoka. Alijua itabaki naye siku nyingi, itamwamsha kila boriti ikilia. Juu ya mawe ya jiko palikuwa na kifurushi cha karatasi ya bati kinachochemka, na harufu ya soseji na haradali ilikuwa imejaa kibanda kizima.

Armand aliweka beleshi begani. "Haya. Mimi nirudi nikaangalie lori, niite na gari la wagonjwa. Ninyi kaeni."

Hakuondoka, lakini pia hakuingia. Alisimama pale kwenye kizingiti akitazama buti zake, mtu mkubwa aliyeitwa mbwa mbele ya mke wake, kichwa bado wazi.

Lempi akaivua ile kofia kichwani mwa Reino, akanyoosha mkono, akampa.

"Armand."

"Nimejaa theluji, Lempi. Nitawalowesha."

"Nani huku hajajaa theluji? Lori halitakimbia." Akasogea kwenye benchi, akapapasa mbao kando yake. "Funga mlango huo, baridi inaingia. Keti hapa ule."